Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Alama za Kazi ya Kikundi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Mwaka jana mlituagiza tutafute njia ya haki ya kusahihisha kazi za vikundi. Kilio cha wanafunzi tunakijua sote: mmoja anatoka jasho, watano wanavuna alama.

Tulianza na Etherpad, programu huria inayowawezesha wanafunzi kuandika pamoja ukurasa mmoja, kila mtu na rangi yake. Mwalimu akitaka, anarudisha kazi nyuma na kuitazama ilivyoandikwa hatua kwa hatua. Tuliiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa hiyo hatukuhitaji bando. Umeme ulipokatika tulirudi kwenye bango kitita.

Niliketi nyuma ya darasa moja la Kidato cha Tatu, somo la Jiografia, mmomonyoko wa udongo. Ukurasa wa kikundi kilichokuwa mbele yangu ulijaa bluu. Kijani kilikuwa na mstari mmoja tu. Kwa kufuata rangi, binti mwenye kijani angeambulia alama mbili. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akifikiri kwa sauti, kwa Kiswahili, na mwenzake akichapa kwa Kiingereza. Nilimsikia akimkatiza: "Subiri. Maji yanayotiririka hayaanzi. Kwanza matone ya mvua yanaupiga udongo, unalegea, ndipo maji yanaubeba." Kwao hakuna kompyuta, na kibodi bado inamtisha.

Siku ile ilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Rangi inaonyesha nani amechapa. Haionyeshi wazo limetoka kwa nani, na mtoto asiye na kompyuta nyumbani ndiye anayeumia.

Tulijaribu pia zana ya wanafunzi kusahihishana iliyo ndani ya Moodle, mfumo huria wa kuendeshea masomo kwa kompyuta. Isipobadilishwa, inagawa alama 80 kwa kazi yenyewe na 20 kwa jinsi mwanafunzi alivyowasahihisha wenzake, ikilinganisha alama alizotoa na za wasahihishaji wengine. Imesaidia kupunguza kupeana alama kirafiki, ingawa kundi zima likikubaliana kupendeleana, hainasi kitu.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kila mwanafunzi aeleze kwa mdomo, kwa lugha anayoiweza, sehemu ya kazi ya kikundi chake kabla mwalimu hajafungua kumbukumbu za rangi. Na salio la ada linunue betri ya akiba. Hesabu zake atazisoma Mweka Hazina.