Barua ya wazi kwa madaktari watarajali wa Tabora: msianze na ubongo

Wanangu madaktari watarajali wa Kitete na wa hospitali nyingine za mkoa huu, pamoja nanyi mliorudi kutoka vyuo vya nje mkingojea kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika,

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu jambo moja tu. Kwa muda sasa wenzenu kadhaa wamekuwa wakipita nyumbani kwangu Isevya kuniuliza waanzie wapi kurudia nurolojia, yaani elimu ya magonjwa ya ubongo na neva, na masomo ya msingi kwa ajili ya mtihani wa leseni. Wote wana kilio kimoja: anatomia, fiziolojia, baiokemia na famakolojia waliziaga walipoingia wodini, na sasa wanaziona zimerudi zote kwa mpigo, zimejificha ndani ya mgonjwa mmoja aliyepooza miguu. Ushauri wangu, ambao najua hautawapendeza wote, ni kwamba msianze na ubongo. Anzeni na ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayoshuka ndani ya uti wa mgongo, na masomo ya msingi yaacheni yavutwe na mgonjwa, badala ya kuyasoma kando kama mzigo unaojitegemea.

Kabla sijatoa sababu, niseme neno kuhusu mafaili ya maswali yanayozunguka kwenye makundi yenu ya simu. Siyakatazi, kwa kuwa mtihani ni maswali na lazima mtu azoee mwendo wake. Linalonisikitisha ni namna yanavyotumiwa: mtu anapitisha macho kwenye maelezo ya mgonjwa, anakimbilia majibu matano, anakosea, anasoma ufafanuzi, anasonga mbele, na jioni ukimuuliza swali la asubuhi lilihusu nini hakumbuki. Swali la nurolojia lina maswali mawili ndani yake, na watungaji huyaunganisha makusudi. La kwanza ni wapi. La pili ni nini. Funikeni majibu kwa karatasi, andikeni mahali penye hitilafu pamoja na upande wake, kisha ndipo mfunue. Aliyepata jina la ugonjwa bila kujua mahali amebahatisha, na bahati hiyo haitamfuata kwenye swali linalofuata.

Sasa sababu ya kuanza na ugwe mgongo. Ugwe huo una njia nyingi, lakini tatu zinatosha kujibu sehemu kubwa ya mnayoulizwa, na uzuri wake ni kwamba kila moja huvuka upande kwa namna yake. Njia inayoleta amri kwa misuli hutoka kwenye gamba la ubongo, na nyuzi zake nyingi huvuka katika sehemu ya chini ya medula, kile kipande cha mwisho cha shina la ubongo, kabla hazijaingia kwenye ugwe. Njia ya mtetemo na ya kujua kiungo kimekaa vipi hupanda upande uleule ilikoingilia, nyuma ya ugwe, na huvuka ikishafika medula. Njia ya maumivu na joto haina subira: huvuka ndani ya ugwe wenyewe, pingili moja au mbili tu baada ya kuingia. Mtu aliyeshika mambo hayo matatu hahitaji kukariri dalili za ugwe uliokatwa nusu, zile zilizopewa jina la Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius mwaka 1817. Anazikokotoa mwenyewe: mguu wa upande wa jeraha umelegea na hausikii mtetemo, ilhali mguu wa pili una nguvu zake zote lakini hausikii sindano. Chora mkato wa ugwe kwenye karatasi tupu kila asubuhi kabla ya chai, uweke njia tatu, kisha ufute sehemu moja kwa kalamu na ujiulize mgonjwa atakuwaje. Zoezi hilo ni la dakika chache, na sijaona lingine linalolipa kama hilo.

Niwape mfano wa wodini, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona wengi wakiteleza. Mama wa makamo analetwa na ndugu zake kutoka kijijini; mgongo umemuuma kwa miezi, anapata homa za jioni, amekonda, na sasa miguu imekufa na mkojo umefunga. Ukimgusa kwa sindano kutoka juu kwenda chini, hisia zinabadilika kitovuni. Mtarajali anaandika fomu ya eksirei ya kiuno, eti kwa kuwa miguu ndiyo iliyopooza. Picha inarudi safi, na mgonjwa anapewa dawa za maumivu. Wanangu, kitovu ni eneo la neva ya kumi ya kifua. Katika mtu mzima ugwe huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo sehemu za ugwe hazikai sambamba na pingili zenye namba ileile. Sehemu ya kumi ya kifua hukaa takriban pingili mbili juu zaidi. Zaidi ya hapo, mpaka wa hisia hukuonyesha tu kwamba tatizo haliko chini ya hapo. Laweza kuwa juu yake. Picha inayotakiwa ni ya sehemu yote ya kifua ya uti wa mgongo, na hapo ndipo utaona pingili mbili zilizolika na nafasi iliyopotea kati yake, yaani kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott alieleza madhara yake mwaka 1779. Anatomia hiyohiyo ndiyo inayokuruhusu kuchukua maji ya mgongo kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano, bila hofu ya kuchoma ugwe, na ndiyo inayokuonya kwamba kwa mtoto mchanga ugwe hushuka hadi karibu na pingili ya tatu.

Mkishamaliza hapo, angalieni jinsi baiokemia inavyoingia bila kualikwa. Miguu inayokakamaa ghafla pande zote mbili, rifleksi (mruko wa kiungo kikigongwa nyundo) zimepanda, hisia ni nzima na mkojo hauna shida, kwa kijana anayetoka penye njaa na anayekula muhogo mchungu ambao haukulowekwa ukaiva: hiyo ni konzo, ambayo kwetu Tanzania ilizuka Tarime mwaka 1985. Swali linaweza kuishia kwenye jina la ugonjwa, lakini mara nyingi zaidi linasogea hatua moja na kuuliza sayanidi hufanya nini ndani ya seli. Inashika kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo wa kupumua ndani ya mitokondria, kile kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Na kwa nini anayekula samaki na maharage huponea? Kwa sababu mwili huhitaji salfa, inayotoka kwenye protini, ili kuigeuza sayanidi kuwa tayosayaneti na kuitoa kwa mkojo. Mlinganisheni kijana huyo na mzee mwenye upungufu wa vitamini B12, ambaye naye ana kidole gumba kinachoinuka ukimkwaruza wayo, lakini hasikii mtetemo na huyumba akifumba macho, kwa kuwa njia ya nyuma ya ugwe nayo imeharibika. Wagonjwa hao wawili wakikaa pamoja kichwani mwako, umepitia kurasa nyingi za kitabu bila kukifungua.

Vivyo hivyo kwa isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu analalamika kwamba nyayo zinawaka moto. Mnajua kumpa piridoksini, yaani vitamini B6, na mnaishia hapo. Endeleeni. Vitamini hiyo ndiyo inayohitajika kugeuza glutameti kuwa GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na ndiyo maana aliyemeza isoniazidi nyingi kwa kudhamiria huletwa akiwa na degedege lisilokoma, na dawa yake ni piridoksini ileile kwa dozi kubwa.

Mkoa wetu unalima tumbaku, kwa hiyo msikubali kushindwa katika sumu za kuulia wadudu. Mkulima aliyepulizia dawa mchana kutwa bila glovu analetwa jioni: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, mate yanamtoka, jasho linamvuja, kifua kinakoroma, amejisaidia nguoni na misuli ya mashavu inachezacheza. Hapa fiziolojia ya makutano ya neva na misuli na famakolojia ni somo moja. Kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kimefungwa, na asetilikolini imerundikana kwenye vipokezi vya aina mbili. Atropini, dawa anayopewa mgonjwa huyu, hutibu aina moja tu, ya muskarini, kwa hiyo itakausha kifua na kuongeza mapigo ya moyo, lakini haitarudisha nguvu za misuli, kwa kuwa udhaifu huo uko kwenye vipokezi vya nikotini. Kipimo cha kutosha kwa atropini ni kifua kilichokauka na mgonjwa anayepumua vizuri; anayesubiri mboni zipanuke atamzidishia. Watungaji hupenda kuuliza kwa nini mgonjwa huyu anatoka jasho, ilhali jasho ni kazi ya mfumo wa simpathetiki. Jibu ni kwamba tezi za jasho, ingawa ziko chini ya mfumo huo, hupokea asetilikolini. Na mgonjwa anayeonekana kupona, kisha siku ya pili au ya tatu anashindwa kuinua shingo kutoka kwenye mto, msimruhusu kwenda nyumbani, maana misuli ya kupumua ndiyo inayofuata.

Ugonjwa wa malale nao ni wetu. Warina asali wanaokaa wiki nzima kwenye misitu ya miombo ya Urambo na Ugalla hung'atwa na mbung'o, na vijidudu vya huku ni vya aina ya rhodesiense, ambavyo huenda kasi na huweza kuua ndani ya miezi, tofauti na vile vya Afrika Magharibi na Kati. Somo la kinga limo humo lote. Damu ya binadamu ina protini, apolipoproteini L1, inayovipasua vijidudu vingi vya jamii hiyo. Rhodesiense wana protini ya kuizuia, ndiyo maana wanatupata. Kila kinga ya mwili inapowatambua, hubadilisha koti lao la nje, na homa hupanda na kushuka kwa mawimbi. Wakiingia kwenye ubongo, maji ya mgongo huonyesha vijidudu vyenyewe au zaidi ya seli nyeupe 5 kwa kila maikrolita. Vitabu vyenu vingi bado vinasema suramini kwa hatua ya kwanza, kwa kuwa haipiti kizuizi cha damu na ubongo, na melasopuroli yenye aseniki kwa hatua ya pili, dawa inayosababisha hitilafu kali ya ubongo kwa watu 5 hadi 10 katika kila 100. Yajueni hayo, kwa kuwa yanaeleza kizuizi hicho vizuri kuliko mchoro wowote, lakini jueni pia kwamba mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza feksinidazoli ya vidonge kwa malale ya rhodesiense.

Kuhusu ubongo wenyewe nitasema machache, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa sababu aliyeshika ugwe atapanda juu bila shida. Katika shina la ubongo, tafuteni neva ya kichwa iliyoguswa upande mmoja na mkono na mguu vilivyopooza upande wa pili. Neva ndiyo inayotaja ghorofa, yaani kimo cha hitilafu ndani ya shina. Usoni, anayeshindwa kukunja paji la uso ana tatizo kwenye neva yenyewe. Anayeweza kulikunja huku mdomo umepinda ana tatizo juu zaidi, kwa kuwa paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Neva ya tatu iliyobanwa kutoka nje hupanua mboni mapema, kwa kuwa nyuzi za mboni hupita pembezoni. Iliyodhurika kwa kisukari mara nyingi huiacha mboni salama. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria, pimeni sukari kabla ya kufikiria jambo lingine, mtihanini na wodini pia. Dawa za kifafa zisomeni kwa kipokezi au mlango wa seli zinaougusa, na fenitoini muipe siku yake, kwa kuwa ongezeko dogo la dozi huweza kuipandisha mno kwenye damu ini linapokuwa limefikia kikomo cha kazi yake.

Kila siku mpimeni mgonjwa mmoja wodini kwa mikono yenu, kwa idhini yake, mkiwa na nyundo, pamba, sindano na uma wa mlio wa hezi 128, hata kama aliletwa kwa homa ya mapafu. Vidole vilivyogusa rifleksi nzima mara nyingi huitambua iliyopotea bila kusita, na maelezo ya mtihani yanayosema kifundo cha mguu hakiruki yatawajengea picha badala ya kuwa maneno matupu. Waulizeni pia wauguzi wa zamu ya usiku. Wao ndio huona kwanza shingo iliyolegea na mkojo uliofunga.

Mimi nipo nyumbani kila Jumamosi baada ya alasiri. Anayekuja aje na nyundo yake na habari za mgonjwa mmoja aliyempima mwenyewe, bila kumtaja jina, anieleze mahali penye hitilafu kabla hajanitajia ugonjwa. Mafaili ya maswali yaacheni hosteli.

Ni mimi mzee wenu,
daktari mstaafu, Isevya, Tabora.