Mwanangu, usivuke usiku

Mwanangu Neema,

Marahaba. Anayeandika haya ni mdogo wako, kwenye simu yake, mimi namsomea kutoka kwenye karatasi. Jana tulipoongea nilianza kukufokea, mara mtandao ukakatika. Heri ulikatika.

Kwanza nikupongeze. Umetoka hapa Tabora mpaka kisiwa cha Ukara, huko Ziwa Victoria, peke yako, na masanduku mawili, na kesho yake asubuhi ukasimama mbele ya watoto wa darasa la tatu. Mama yako ameshawatangazia majirani wote. Na mimi nimewasimulia wazee wenzangu pale kijiweni, ila nikaishia uliposhuka Nansio, Ukerewe. Kilichofuata nilishindwa kukisema.

Neema, ulivuka usiku, tena kwa mtumbwi. Umeniambia mwenyewe, na kwa furaha: kivuko kilikuwa kimeshaondoka, mkapata mtumbwi wa injini pale Bugolora, gati la kuvukia kwenda Ukara, watu thelathini na kitu, mifuko ya saruji katikati, kreti za soda juu yake, jaketi okozi hakuna hata moja. Ukasema, "Lakini Baba, si nimefika siku ileile?" Tangu useme hivyo sijalala vizuri.

Ya mjomba wako na MV Bukoba, ile meli iliyozama mwaka 1996, unayajua, siyarudii. Lakini ya hapo unapoishi sasa sijui kama umekaa ukayafikiria. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, MV Nyerere ilitoka hapohapo Bugolora kwenda Ukara. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Na hakikuzamia mbali. Kilikuwa kinakaribia gati la Bwisya, watu wanaiona nchi kavu, wameshika mizigo yao, wanajisogeza upande wa kushukia, kikapinduka. Fundi mmoja alipatikana hai ndani yake baada ya siku mbili. Hata waliopanda walikuwa wangapi, haikujulikana kwa hakika. Ukitembea huko utaonyeshwa makaburi yao. Nenda ukayaone, usingoje kusimuliwa.

Na ule ulikuwa mchana, kwenye chombo cha chuma. Wewe ulikaa juu ya saruji, gizani. Nani alikuwa na majina yenu?

Mimi nimefanya kazi reli miaka 31. Treni ikichelewa, inasimama. Reli ni moja, kwa hiyo ya mizigo ikiharibika mbele, ninyi wa nyuma mnakaa stesheni mpaka kije kichwa kingine kiivute. Abiria watalalamika, watashuka kununua karanga, watarudi kulala. Lakini hakuna dereva atakayesema twende hivyohivyo, giza halijawa zito. Majini ni tofauti. Mwenye mtumbwi anapata chake kwa hesabu ya vichwa, na mteja anayempenda kuliko wote ni yule aliyechelewa, kwa kuwa huyo habishani. Hatauliza jaketi liko wapi, wala hatasema tumejaa. Wewe siku ile ulikuwa mteja wa namna hiyo, mwanangu, na umesoma kuliko mimi.

Mama yako alitaka upande basi. Ungefika Mwanza mapema, meli ya Nansio ukaiwahi, na Bugolora ungefika kivuko kipo. Mimi ndiye niliyesema treni, mtoto wa reli hawezi kuanza kazi kwa kupanda basi. Tukangoja stesheni usiku ule mpaka treni ya Dar es Salaam ikafika, bado mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza yatenganishwe, na mimi nakueleza kila hatua kana kwamba umeniuliza. Halafu mkaenda kukwama Malampaka saa sita nzima. Basi. Mama yako hajanikumbusha hata mara moja, na ninajua kwa nini.

Na zile simu. Mdogo wako amehesabu: nilikupigia mara tisa siku ile. Nilikuwa nauliza umefika wapi. Sikuuliza hata mara moja umepanda nini. Ya mwisho ulikuwa Nansio, jua linazama, ukaniambia ipo nyumba ya wageni jirani na gati. Nikakujibu kwamba mwalimu mpya hachelewi siku ya kwanza. Hayo nilisema. Lakini wewe ni mtu mzima, Neema, ungeweza kuizima simu ukalala. Mkuu wa shule ameishi kisiwani, anajua vivuko vinavyochelewa. Angekuelewa kuliko nilivyokuelewa mimi.

Sasa nisikilize. Kikiondoka kivuko, kimeondoka. Lala. Ukikuta chombo kimejaa, shuka, hata kama umeshalipa nauli, hata kama watu wanakucheka. Ukiwa ndani usikae karibu na mizigo. Na kikikaribia gati usiinuke na wanaoinuka, kaa mpaka kifungwe kamba. Hilo la mwisho nalirudia: kaa mpaka kifungwe kamba.

Nimemwambia mdogo wako akutumie elfu hamsini. Si za sabuni wala vocha. Ziweke kando, ni za kulala Nansio siku ukichelewa, na ukizitumia niambie nitume nyingine. Shangazi yako wa Mwanza nimemwomba akutafutie jaketi okozi. Ameuliza rangi gani, nimemwambia yoyote, mradi likutoshe na kamba zake ziwe nzima. Usione aibu kupanda nalo. Watoto wa shule wakikuona umelivaa, nao watawaomba wazazi wao.

Hapa nyumbani tupo. Mvua ya juzi imeng'oa bati mbili jikoni, fundi anasema Jumamosi, na Jumamosi yake unaijua. Mama yako dawa zake za presha anameza, ila ile ya jioni anaisahau, kwa hiyo ukimpigia piga baada ya chakula umuulize. Mbuzi wako mweupe amezaa, jike. Karanga tumeuza gunia moja, la pili nimelizuia mpaka bei ipande. Mdogo wako anataka niandike kwamba amefaulu hesabu. Amefaulu, lakini Kiingereza bado.

Mama yako anatafuta ufunguo wa kabati la vyombo tangu Jumapili. Anasema ulikuwa kwenye pochi yako ulipokuwa unafunga masanduku. Kama unao, usimtafutie mtu wa kuuleta, na wewe usije mbio kwa ajili yake. Tunakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki na hakuna tunalopungukiwa. Utauleta likizo ya Desemba.

Na Desemba usinipigie kuniambia utafika saa ngapi. Nipigie tu uniambie umelala wapi.

Baba yako