Kwako uliyenisaidia beringi za magurudumu ya mbele ya vani yangu

Ndugu yangu, asante sana. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Kabla ya yote ulinikataza kuingia chini ya vani iliyoshikiliwa na jeki peke yake, ukaweka stendi. Kisha ukatia grisi kiganjani, ukaikandamiza beringi ukingoni mpaka grisi ikachomoza upande wa pili, kati ya roli, vile vyuma vya mviringo vinavyobingirika ndani yake. Mimi nilikuwa naipaka juu juu tu! Ile yenye vishimo uligoma isirudishwe. Ibadilishwe pamoja na kikombe chake, yaani pete ya nje ambamo roli hubingirika. Na ile nati inayoshikilia beringi: kaza huku ukizungusha gurudumu, legeza, kaza tena kwa vidole, kisha pini mpya ya kuizuia isilegee. Mngurumo wa magurudumu umekwisha. Mungu akuzidishie.