Trela la hema: tulinunue au tuliache?

Assalam alaikum mhariri na wasomaji wenzangu,

Nakaa Malindi na mume wangu, watoto wetu na mama yangu mzazi. Jirani yetu Mwitaliano anahama na anauza trela lake la kukunja. Likifungwa ni sanduku fupi nyuma ya gari. Likifunguliwa, paa hunyanyuka, vitanda huchomoza mbele na nyuma, na kuta ni za turubai. Mume wangu amelipenda sana. Mimi nasitasita.

Uzuri wake siukatai. Ni jepesi kuliko karavani nzima, ile nyumba ya kuvutwa na gari, na kwa kuwa liko chini halisumbuliwi sana na upepo barabarani. Kubwa zaidi ni mama. Magoti yanamuuma, kulala chini hemani hawezi tena, kwa hiyo tukienda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala tunamwacha nyumbani. Jambo hilo linaniumiza. Humo angepata kitanda cha kweli.

Lakini turubai na pwani yetu, jamani! Likikunjwa na unyevu linashika kuvu, na masika hapa hata nguo za kabatini hunuka. Ukirudi safari na mvua ni lazima ulikunjue tena mpaka likauke, na uwanja wetu ni mdogo, halienei likiwa wazi. Chumvi nayo hula nyaya za kunyanyulia paa, springi na beringi za magurudumu. Turubai likichanika sina hofu, mafundi wa kushona matanga wangalipo. Hizo nyaya ndizo sijui nitampelekea nani.

Tena mlango uko upande wa kulia, maana kwao magari hupita kulia. Sisi tukiegesha kando ya barabara, watoto watashukia upande wa magari yanayopita. Mume wangu analiona dogo, mimi siwezi kulipuuza.

Nimependekeza tununue hema refu la kusimama ndani na vitanda vya kambi, ambavyo nikirudi navianika kambani. Yeye anasema mama atachoka kusubiri tukisimika vigingi juani.

Mwenye trela kama hili huku pwani, masika unaliweka wapi? Mlango unaweza kuhamishwa na fundi, au ni kuliharibu? Na kabla ya kutoa pesa, nikague nini kwanza? Jirani anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mama Watoto, Malindi