Timu nne bora: andikeni kabla ya Ijumaa

Hamjambo ndugu zangu wa Kisumu. Ligi Kuu yetu ya soka Kenya iko mlangoni na bado wengi hawajaandika utabiri wao wa timu nne bora. Mwisho ni Ijumaa saa mbili usiku, kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya nne. Baada ya hapo sibadilishi la mtu.

Najua hapa Gor Mahia iko damuni, lakini msiandike kwa mapenzi tu. Gor walibeba kombe 2023 na 2024, kisha Kenya Police wakatwaa 2025 kwa mara ya kwanza. Mimi nawaweka Gor juu, Police wa pili: bingwa huwindwa na kila timu, na safari za mashindano ya Afrika huchosha miguu. Tusker wa tatu. AFC Leopards, bila kombe la ligi tangu 1998, bado nawasubiri.

Ya nne ni Kakamega Homeboyz. Msimu wa 2021/22 walilingana pointi na Tusker, wakakosa kombe kwa tofauti ya mabao. Magharibi tunaweza!

Asiye na bando anitumie SMS, nitamwandikia.