Punda aingizwe kwenye masomo ya kilimo vyuoni

Mhariri, salamu sana. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu, na najua wasomaji wengi wa huku Dodoma, Singida, Manyara na Arusha watanielewa.

Mimi nafundisha kilimo na mifugo kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi. Hivi vyuo vilianzishwa 1975 enzi za Mwalimu Nyerere kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na mpaka leo viko zaidi ya 50 nchi nzima, vinapokea aliyeishia darasa la saba, binti aliyekatishwa shule, mama mwenye watoto, yeyote yule. Sasa nenda kwenye vijiji wanakotoka hao wanachuo uone nani anavuta maji ya kisima, nani anatoa mahindi shambani, nani anapeleka mzigo gulioni barabara ikishaharibika. Ni punda. Halafu njoo darasani kwangu uangalie ratiba, utakuta ng'ombe wa maziwa wiki kadhaa, kuku, mbuzi, hata sungura yupo, ila punda ukibahatika utamkuta kwenye mstari mmoja tu, kwamba ni mnyama wa kazi. Basi, imeisha hiyo.

Matokeo yake ni mateso ambayo hayana hata sababu. Chukua nira. Watu wengi huku wanamfunga punda kwa nira ya ng'ombe, ule mti unaokaa shingoni. Ng'ombe ana nundu, nira inaegemea pale na yeye anasukuma. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani, kwa hiyo ukimwekea ule mti unasagana na shingo, siku chache ngozi imechubuka, nzi wameingia, limeshakuwa donda, na mwenye mnyama anaona kawa mvivu anaongeza fimbo. Na dawa yake wala sio ya hela nyingi jamani, ni mkanda mpana wa kifuani wa turubai au gunia, ndani unawekewa kitambaa laini, usikae juu sana ukabana koo wala chini sana ukazuia miguu, na mkanda mwingine unapita juu mgongoni kuushikilia. Wanachuo wa ushonaji walishona mmoja tukaujaribu kwa mzee jirani wa chuo anayeuza maji, madumu 10 ya lita 20 yaani kilo 200 kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe, na yule punda ambaye siku zote anagoma kwenye kale kamlima alipanda mpaka juu bila kuguswa na fimbo. Mzee akawa anashikashika ule mkanda anauliza nani kashona.

Hiyo ni nira tu. Bado kwato, ambazo zinakua kila siku na zisipokatwa mnyama anatembea kwa kuchechemea. Bado meno. Bado tumbo, maana punda hacheui kama ng'ombe wala hawezi kutapika, akila mifuko ya plastiki jalalani ikaziba utumbo anaweza kufa kwa msokoto. Bado chanjo ya pepopunda kwa mnyama mwenye vidonda kila wakati. Na punda anaficha maumivu, hapigi kelele, ukija kugundua anaumwa ujue kaumwa siku nyingi, ndio maana nasema mtu lazima afundishwe kumsoma masikio, macho na anavyosimama.

Kuna mwingine atasema hayo anayajua bwana mifugo. Bwana mifugo mmoja ana kata nzima, na mwenye punda yuko naye asubuhi mpaka jioni, nani wa kufundishwa kwanza hapo?

Tena wakati ndio huu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika kule Addis Ababa walikubaliana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, zile ngozi zinazokwenda China kutengenezewa dawa. Vizuri sana, nawapongeza. Lakini punda jike anabeba mimba karibu mwaka mzima na anazaa mmoja, kwa hiyo waliokwisha hawarudi kesho, na hawa waliobaki tukiwaua kwa mizigo na vidonda tutakuwa tumewaokoa na kisu tu.

Wenzangu kazini wananiambia vijana hawatajiandikisha kusomea punda. Mimi sikubali. Mkata kwato anahitajika kila mnada, fundi wa mikanda na matandiko anahitajika, mkokoteni wenye uzito uliosawazishwa vizuri ni kazi ya wanachuo wa uchomeleaji, na kule Arusha na Kilimanjaro Magharibi kuna safari za watalii kwa farasi ambazo zinataka watu wanaojua kumhudumia farasi, na aliyejifunza kwa punda hapo hataanza sifuri.

Ombi langu kwa wizara na wanaoandaa mitaala ni kwamba tuanze na kozi fupi tu, miezi 3, kwenye vyuo vya mikoa yenye punda wengi, kila chuo kiwe na punda wawili wake wa kufundishia, na wafundishaji tupewe semina na madaktari wa mifugo wanaowajua hawa wanyama. Banda kwetu lipo, na mafundi cherehani wapo.

Mfundishaji wa kilimo na mifugo,
Dodoma