Kabla hamjajaza FAFSA ya mwaka wa pili

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mzee na kwa wadogo wote. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana mambo haya ukiyasikia kwa simu yanapotea. Unasema fomu ya msaada wa masomo mlishaijaza mwaka jana, kwa hiyo hamna wasiwasi. Hapana, mpenzi. FAFSA, yaani hiyo fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, hujazwa upya kila mwaka, hata kama mtoto hajahama chuo na kwenu hakuna kilichobadilika. Hufunguliwa ifikapo Oktoba 1. Serikali kuu huendelea kuipokea kwa muda mrefu, lakini hela za jimbo na za chuo chenyewe zina tarehe zake za mapema, na nyingine huwaishia waliowahi. Tarehe ya kushika ni ya chuo chake.

Ninalotaka hasa ulielewe ni kwamba fomu ile ni ya binti yako. Yeye ana akaunti yake ya StudentAid.gov, wewe una yako, na kila mmoja anasaini kwa yake. Najua ungependa umalize kila kitu mwenyewe usiku, yeye akihangaika na mitihani huko. Usimsainie, na akaunti yake isifunguliwe kwa barua pepe yako. Kwa kuwa wewe na mzee mnapeleka hesabu ya kodi pamoja, mzazi mmoja anatosha. Huyo mmoja lazima aridhie taarifa zenu za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi. Asiporidhia, mtoto hastahili msaada wowote wa serikali kuu, iwe ruzuku au mkopo. Mzee akisita kwa kuwa hapendi mambo yake yajulikane, mkalishe umweleze hilo taratibu.

Halafu kuna suala la barua pepe, na hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Chuo hakikuandikii wewe, kinamwandikia mwanafunzi. Iko sheria ya mwaka 1974, FERPA: kijana akishaingia chuo, mwenye haki juu ya kumbukumbu zake ni yeye, hata kama bili unalipa wewe. Ukipiga simu ofisi ya msaada wa fedha, wanaweza kukataa kukwambia lolote mpaka wawe na ridhaa yake. Mwambie asaini fomu ya ridhaa sasa hivi, kabla tatizo halijatokea.

Maana tatizo huja kimya. Baadhi ya wanafunzi huchaguliwa kwa uhakiki, na ujumbe wenyewe huwa mfupi: faili lako halijakamilika, tuma karatasi ya idadi ya watu katika kaya. Ujumbe huo unaingia kwenye barua pepe ya chuo, katikati ya matangazo ya mechi na vitabu vya maktaba vilivyochelewa kurudishwa, na kijana wa miaka 19 anaupita. Ruzuku inaonekana kwenye mfumo lakini haitoki, na bili ya muhula inadai pesa yote. Mpigie simu ya video, afungue ukurasa wake wa chuo ukiwa unaona, atafute palipoandikwa nyaraka zinazodaiwa. Mfanye hivyo mara kwa mara mpaka faili likamilike.

Kuhusu kipato: kwa mwaka wa masomo 2026–27 wanatazama kodi ya 2024, na 2024 mzee alikuwa bado na kazi zote mbili. Fomu itawaona mna hela ambayo leo hamna. Msibadilishe tarakimu. Jazeni kama ilivyo, kisha binti yenu aiandikie ofisi ya msaada wa fedha ya chuo, aombe hali yenu iangaliwe upya, na mwambatanishe barua ya mwajiri na hati za mshahara za sasa. Ofisi ile ina mamlaka ya kisheria kurekebisha hesabu kwa hali maalumu. Si lazima wakubali, lakini asiyeomba haangaliwi. Na ile pesa mnayomtumia bibi nyumbani kila mwezi, fomu haiulizi kabisa. Hilo huniuma, kwa sababu kwetu huo ni wajibu, wala si hiari. Itajeni kwenye barua hiyo hiyo, na risiti za kumtumia pesa muweke.

Ndiyo maana nakusihi umwambie binti yako mnapata kiasi gani. Sisi tumelelewa kutozungumza mshahara mbele ya watoto, na ninaiheshimu desturi hiyo. Lakini huyu ndiye atakayeletewa orodha ya misaada, akubali au akatae. Ajue kwamba ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, hairudishwi, na kwamba hela ya kazi ya chuoni hapewi mpaka aifanyie kazi. Kuna mkopo ambao riba yake serikali huibeba akiwa anasoma, na kuna ule unaoanza kuzaa riba siku unapotolewa. Mwaka wa pili anaweza kukopa serikalini mpaka dola 6,500, na kati ya hizo zisizozidi 4,500 ndizo za aina ile ya kwanza. Si lazima achukue zote. Nao mkopo wa PLUS ni wenu wazazi, deni lenu, hata akihitimu na kupata kazi nzuri. Mimi ningeuacha mpaka mwisho kabisa.

Akijitokeza mtu anayetaka hela ili awajazie, mkatalieni. Fomu haina malipo.

Jumamosi jioni nipo nyumbani. Nipigie, na yeye mwunganishe kwenye simu hiyo hiyo, awe na nywila yake mkononi. Tutapitia ukurasa kwa ukurasa mpaka mtume.

Nisalimie wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako